Jina la Tatu

Mama wa ustawi wa jamii alikaa jikoni kwangu, Liège, akafungua daftari lake, akaniuliza mtoto ninayemwomba ni nani wangu. Nikamjibu: ni mtoto wangu. Akanitazama. Akazitazama karatasi zake, kisha akaandika neno moja la Kifaransa ambalo sisi tungelisema kwa maneno matatu, mtoto wa dada. Ndivyo ilivyoanza safari yangu ya kwenda Kisangani kumchukua mtoto, mwanzoni mwa mwaka 2012: watu wawili wanakunywa chai meza moja na hawaelewani.

Mangobo, komini ya Kisangani nilikozaliwa, hakuna ambaye angeuliza swali lile. Dada yangu alipofariki mwaka 2009 aliacha binti wa miaka 4, na mimi nilikuwa mama leki wake, yaani mama mdogo, tangu alipokatwa kitovu. Mama leki hamchukui mtoto, kwa sababu mtoto ni wake tayari. Waliokuja matangani walinipa pole ya dada na, kabla hawajaketi, wakaniuliza mtoto wangu anakula nini, analala na nani. Shida ilikuwa umbali. Mimi nilikuwa Ubelgiji nikiogesha wazee kwa zamu za usiku. Yeye alikuwa Kisangani kwa mama yangu, na mama yangu alikuwa anakaribia miaka 70. Ili mtoto aishi nami ilibidi mama leki afanywe mama kwa hukumu, tena hukumu mbili, ya kule na ya huku.

Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 24 Aprili 2003, iliyoanza kutumika Septemba 2005, haimwachi mtu aende nje kuasili mtoto kabla hajatayarishwa. Uhudhurie mafunzo, upelelezwe nyumbani, kisha hakimu atamke kwamba unafaa. Hata ukiwa ndugu wa damu. Nikakaa darasani na wake kwa waume ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kukanyaga Afrika. Tulifundishwa habari za mtoto anayeamka usiku akilia, na za mtoto anayeficha mkate chini ya mto. Mto wa kulalia, si ule wetu. Mafunzo hayakuwa mabaya, siwezi kusema uongo. Siku moja mwalimu akatupa kazi: kila mtu aandike kurasa mbili juu ya historia ya mahali anapotoka mtoto, kwa sababu iko siku atauliza. Wenzangu wakaandika juu ya sokwe na rumba. Mimi, mtu wa pale pale, nilidhani nitamaliza kwa jioni moja. Sijamaliza mpaka leo.

Nilikwama kwenye neno lenyewe. Kuasili nililikuta katika magazeti ya Nairobi na Dar es Salaam. Kisangani tunasema kulea, kuchukua, au kukaa na mtoto. Kuasili maana yake, nikilifungua mwenyewe, ni kumfanya mtu awe wa asili yako. Sasa mtoto yule asili yangu alikuwa nayo. Na nyingine, isiyo yangu, alikuwa nayo pia. Hiyo ya pili ingekwenda wapi?

Mtoto wa kwanza ninayemjua kwa jina aliyepita kwenye maporomoko yetu akiwa amekwisha kupelekwa Ulaya na kurudishwa ni mvulana aliyeitwa Kalulu. Msafiri Stanley alipewa mvulana huyo Unyanyembe, karibu na Tabora, na mfanyabiashara Mwarabu, katika safari ile ya kumtafuta Livingstone. Jina alilokuja nalo Stanley aliliandika Ndugu M'hali, akalifasiri kuwa mali ya ndugu yangu. Halikumpendeza, likabadilishwa pale pale mbele ya wapagazi, mtoto akawa Kalulu. Mwaka 1872 alimpeleka Uingereza na Marekani, akamtia shule Wandsworth, London. Kisha akamrudisha Afrika kwa safari nyingine. Januari 1877 walishuka maporomoko saba yaliyo juu ya mji wetu, na mwishoni mwa Machi mwaka ule ule, mbali huko chini, mto ukauvuta mtumbwi wa Kalulu na kumzamisha. Stanley aliyapa maporomoko alikozama jina la mtoto, lile alilompa yeye mwenyewe.

Mimi nilibaki na lile la kwanza. Kwetu Kongo mahari tunaita mali. Mtu akisema mali ya binti haijaisha, anasema ukoo wa mume bado unadaiwa. Kwa hiyo nilipolisoma jina la mtoto yule kwenye kitabu, sikusikia utajiri. Nilisikia deni.

Wa pili ni wa mkoa wetu hasa. Disasi Makulo alizaliwa karibu na mwaka 1870 katika nchi ya Waturumbu, upande wa Basoko, ambao leo ni Tshopo. Watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, walimteka akiwa mdogo. Mwaka 1883 Stanley akamkomboa pamoja na watoto wengine, akamwacha kwa Mwingereza Swinburne kule Kinshasa, na baadaye akaingia katika nyumba ya George Grenfell, mmisionari Mbaptisti, akakua humo. Akawa mwalimu wa dini, akarudi upande wa kwao, akaanzisha kituo cha Yalemba, akafariki mwaka 1941. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe, na mwanawe akatoa kitabu Kinshasa mwaka 1983. Anayejua Kiswahili hawezi kulisikia jina Disasi bila kusikia risasi ndani yake. Makulo lilikuwa la nyumbani. Nikiwa darasani Liège, niliposikia tunafundishwa kwamba si vizuri kumbadilishia mtoto jina siku ya kwanza, niliinama nikaandika pembeni: Ndugu Mali, Disasi.

Na Kiswahili hiki ninachoandikia kilikuja kwa njia ile ile waliyopitishwa watoto hao. Stanley aliacha kituo chake kisiwani, chini ya maporomoko yetu, Disemba 1883, na miaka minne baadaye, 1887, Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, akapewa ugavana wa Stanley Falls na mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wangwana wake, yaani wafuasi wake Waswahili, walikuwa wamekwisha kujenga mitaa, kupanda mpunga na kuoa. Lugha ikabaki. Mangobo leo utasikia Lingala kwanza, lakini ng'ambo ya soko mama anayeuza samaki atakutajia bei kwa Kiswahili, na hana habari kwamba hesabu hizo za moja mbili tatu zilikuja zikihesabia watu.

Baada ya mateka ilikuja karatasi. Amri ya tarehe 12 Julai 1890 iliifanya Dola ya Leopold kuwa mlezi wa watoto waliokombolewa utumwani, na wa yatima na walioachwa. Wangekusanywa katika makoloni ya shule, wapewe chakula, malazi na dawa, na kwa malipo ya hayo waifanyie Dola kazi mpaka watimize miaka 25. Amri nyingine ya tarehe 4 Machi 1892 iliziruhusu misioni nazo zipokee watoto wa namna hiyo. Mtu akiisoma haraka ataona huruma. Mimi niliisoma nikiwa na fomu yangu ya ustawi wa jamii pembeni, nikaona kwamba mlezi ameelezwa vizuri, kazi imeelezwa vizuri, miaka imetajwa. Mtoto ametoka kwa nani, hakuna mstari wa kuandika.

Hapo ndipo historia ilipoacha kuwa kazi ya darasani, maana ilifika nyumbani kwetu. Sikukuu ya Noeli ya mwaka 1897 padri Mfaransa, Gabriel Grison, wa shirika la Moyo Mtakatifu, alifungua misioni ya Saint-Gabriel kando ya mto, chini kidogo ya mji. Watoto waliokombolewa walikusanywa pale, wakafundishwa kusali, kulima na kufyatua matofali. Mmoja wao alikuwa babu yangu, baba wa baba. Alifika akiwa mdogo kiasi cha kutojua kutaja kijiji chake, na kama alikijua alikitaja kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Baba yangu alipoulizwa ukoo alikuwa akijibu, "Sisi tumetoka Saint-Gabriel," kama mtu anavyosema ametoka kwa Wagenia au kwa Wakumu, na aliyeuliza alikuwa akinyamaza kwa adabu.

Ya metisi nitayasema kwa kifupi kwa sababu si ya ukoo wangu, ingawa yanakaa barabara moja. Wakati wa ukoloni watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika walichukuliwa kwa mama zao na kupelekwa kwenye misioni, Katende kule Kasai, Save kule Rwanda, na wengi wa Save wakapandishwa ndege kwenda Ubelgiji uhuru ulipokaribia, wakagawiwa kwa familia za huko. Tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni Brussels. Tarehe 2 Disemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikatamka, katika kesi ya wanawake watano waliochukuliwa kabla ya kutimiza miaka 7, kwamba ule ulikuwa uhalifu dhidi ya binadamu. Mmoja wa wazee niliowaogesha, marehemu sasa, alikuwa mtoto wa Save. Nilipomweleza kwamba natayarisha dosie ya kumleta mtoto wa dada yangu, aliuliza swali moja tu: mama yake amezikwa wapi, na je, utamwonyesha?

Basi mtu asidhani kwamba Kisangani watoto wote walichukuliwa na wageni. Waliochukuliwa na majirani ni wengi zaidi, ila hakuna aliyewaandika. Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, ambao bado uliitwa Stanleyville. Tarehe 24 Novemba askari wa miamvuli wa Ubelgiji wakarushwa kutoka ndege za Marekani juu ya uwanja wa Simisimi. Katika zile siku za kukimbia, mama yangu, msichana wa miaka ishirini na kitu asiye na mtoto bado, alimkuta mvulana wa kama miaka 3 amekaa peke yake gatini, anakokaa mtu kungoja kivuko cha Lubunga. Alingoja naye mpaka jioni. Hakuna aliyekuja. Akaenda naye nyumbani. Huyo ndiye kaka yangu mkubwa. Hakuna hakimu aliyeitwa, hakuna padri. Dada yangu alipozaa, kaka akawa noko wa mtoto, mjomba, mwenye kauli ya mwisho juu ya binti za dada zake, na hakuna mtu Mangobo aliyemhoji noko huyo damu yake ya nani.

Aliyemhoji ni karatasi ya Liège. Iliomba cheti cha kuthibitisha kwamba aliyeniandikia barua ya kuafiki ni ndugu wa mama wa mtoto. Nikampigia simu kaka. Alicheka mpaka yunite zikaisha.

Juni 2000 tena, kuanzia tarehe 5 mpaka 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji wetu kwa siku sita, yakiturushia mabomu zaidi ya 6,000. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuja kuiamuru Uganda, tarehe 9 Februari 2022, ilipe dola milioni 325 kwa yote iliyoyatenda Kongo. Sisi tulilala chini ya vitanda tukihesabu. Baada ya siku hizo nyumba za kulelea yatima zikawa nyingi kuliko nilivyozoea kuziona, na nyumba zikiwa nyingi, wageni wanaozitafuta hawakosekani. Kabla ya hapo mtoto aliyebaki alikwenda kwa mama leki, au kwa jirani, au kwa aliyemkuta gatini. Vita mfululizo vilikuwa vimewamaliza mama leki nguvu.

Nirudi kwenye maandalizi. Sheria ya Kongo niliyopaswa kuifuata ni Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, pamoja na ile ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 iliyoweka mahakama za watoto. Mtoto wa miaka 15 lazima akubali mwenyewe; aliyepita miaka 10 asikilizwe. Wangu alikuwa na 7, kwa hiyo sheria haikumuuliza kitu. Niliandaa cheti cha kifo cha dada, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha mshahara wangu, barua ya mwenye nyumba, cheti cha tabia njema, picha ya chumba na kitanda. Fomu za Ubelgiji zina kisanduku cha jina la ukoo na kisanduku cha jina la kwanza. Sisi tuna jina, tuna post-nom, kisha tuna la ubatizo, maana Mobutu aliyafuta majina ya Kikristo mwaka 1972, na yaliporudi hayakuondoa yaliyoingia mahali pake. Post-nom ya mtoto, aliyopewa na dada yangu, ndiyo iliyokosa pa kukaa. Karani mmoja akaniambia niliache hilo la katikati, halina madhara. Nikaliacha.

Kilichokuwa hakijakamilika ni upande wa baba. Alikuwa Mlokele wa Isangi, mchuuzi wa mtoni. Alipanda boti kwenda Kinshasa mwaka 2006 na tangu hapo hatukupata habari zake. Wakili, sisi tunasema avoka, alitaka ukoo wake ukubali mbele ya kikao cha familia. Machi 2013 akaja mzee wao na vijana wawili, wakaketi kwenye uwanja wa mama yangu, wakaandaliwa lituma na samaki. Mimi nilikuwa kwenye simu iliyowekwa juu ya stuli.

"Bokilo," mzee alimwambia kaka yangu, shemeji kwa shemeji, "deni la mali tunalikubali. Mbuzi wawili na mabati hatukumaliza. Lakini deni halifuti jina."

"Tata, hakuna anayefuta jina."

"Haya. Kwetu ngoma ikimwita mtu inaanza na jina lake, inakuja kwa la baba yake, inamalizia na kijiji cha mama yake. Nyinyi ni wa kijiji gani?"

Nilisikia kuku. Nilisikia pikipiki ikipita. Kaka yangu, ambaye cha kwake mwenyewe hakijui, akajibu, "Saint-Gabriel, tata."

"Hicho si kijiji. Hiyo ni misioni."

Aliyosema mzee juu ya ngoma ni kweli tupu. Walokele hutumia ngoma ya gogo lililochimbwa, bongungu, yenye sauti mbili, ya juu na ya chini, inayofuata kupanda na kushuka kwa maneno ya lugha yao. John Carrington, mmisionari wa Yakusu, kilomita kama 20 chini ya Kisangani, alijifunza kuipiga na akaandika kitabu juu yake mwaka 1949. Kwa kuwa sauti ni mbili tu, jina fupi lingegongana na mengine mengi. Ndiyo sababu jina la ngoma hurefushwa, mtu, baba, kijiji cha mama. Mtoto anayeitwa mtoni hawezi kupotezwa na upande wowote. Siku hizi wapigaji ni wachache, simu imewanyang'anya kazi, lakini wazee bado wanahesabu watu kwa mpango huo.

Avoka akawasomea sheria: aliyeasiliwa anakuwa mtoto wa aliyemwasili kwa mambo yote, ila anabaki na uhusiano na familia alikozaliwa. Mzee akaomba arudie. Akarudia. Mzee akasema ni sheria yenye akili, akaomba wino.

Sasa niseme jambo ambalo halikuwamo katika kurasa zangu mbili. Ubelgiji ina kuasili kwa namna mbili. Ile sahili humwacha mtoto na ndugu zake wa mwanzo, sawa na ya Kongo. Ile kamili huukata ule uhusiano, mtoto akawa kama amezaliwa na aliyemwasili. Iliyofanywa Kongo huweza kugeuzwa kuwa kamili huku, mradi waliomtoa mtoto waliikubali wakijua. Nilishauriwa na mtu, simtaji, kwamba kamili ni salama zaidi: hakuna atakayekuja baadaye na mbuzi wake kudai. Kwa hiyo katika karatasi ya kuafiki, ya Kifaransa, palikuwa na mstari mmoja juu ya kukatika moja kwa moja kwa uhusiano. Kaka aliwasomea wageni karatasi yote kwa Lingala. Mstari ule aliuruka. Aliuruka kwa sababu mimi nilimwambia auruke, usiku uliotangulia, kwa simu hiyo hiyo. Mzee akatia dole gumba.

Kisangani mahakama ikatoa hukumu yake Juni 2013. Nikakata tikiti ya Oktoba. Nikanunua koti la baridi, jekundu, lenye kofia na manyoya ya bandia shingoni, kubwa kwa saizi mbili ili akue nalo, na ndani yake nikaandika kwa kalamu isiyofutika jina lake, majina mawili yale ya fomu.

Tarehe 25 Septemba 2013 idara ya uhamiaji ya Kongo, DGM, ikasimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na watu wa nje. Sababu iliyotolewa ni habari za watoto kutendwa vibaya huko walikokwenda, au kukabidhiwa watu wengine. Mwezi ule ule Reuters walikuwa wametoa uchunguzi wao juu ya wazazi wa Marekani waliokuwa wakipeana watoto wa kuasiliwa kwa kutangaziana mtandaoni, kwa hiyo sikuweza kusema kwamba serikali imeota. Mamia ya familia zenye hukumu mkononi zikabaki upande mmoja wa bahari, watoto upande mwingine. Wako waliohamia Kinshasa ili wakae na mtoto mpaka mlango ufunguke. Tarehe 28 Mei 2014 watoto 31 walitua Roma kwa ndege ya serikali ya Italia pamoja na waziri Maria Elena Boschi. Novemba 2015 wakaachiwa kama sabini, Februari 2016 zaidi ya 150.

Mimi nilikuwa nimekwenda Disemba 2013, kwa tikiti iliyobadilishwa tarehe, bila tumaini la kurudi naye. Nilikaa wiki tatu. Mtoto alilijaribu koti mchana, jasho likamtoka, watoto wa uwanja wakapanga foleni kulijaribu. Alikuwa anaishi kwa noko wake, anakwenda shule kwa miguu na binti zake. Mlango ulipofunguka alikuwa amevuka miaka 10, umri wa kusikilizwa. Nikamsikiliza kwa simu. Alisema atakuja kunitembelea. Sikurudisha dosie.

Nisingalisema habari ya mstari ule kwa mtu kama si mwaka 2017. Magazeti ya Ubelgiji yaliandika kwamba baadhi ya watoto waliokuja kutoka Kongo Novemba 2015 hawakuwa yatima: walichukuliwa upande wa Gemena, wazazi wakaambiwa wanakwenda kambi ya likizo Kinshasa. Vipimo vya vinasaba vikawapata wazazi hai, wakingoja likizo iishe. Nililisoma gazeti lile ndani ya basi, nikapitiliza kituo changu. Mimi sikuiba mtoto. Ila nilijua mtu anavyofichwa mstari mmoja, na nilijua ilivyo rahisi.

Januari 2018 nikapanda balenieri, boti la mbao la mashine, kutoka Kisangani kwenda Isangi, na binti, aliyekuwa na miaka 12. Usiku mtoni ni baridi kweli, upepo unapita juu ya maji na hakuna ukuta. Alikuwa amebeba lile koti. Mikono ya koti ilimfikia kwenye viwiko.

Mzee alitupokea kibarazani. Nikatoa karatasi. Dole lake lilikuwa pale, zambarau, mistari yote ikionekana. Nikamwambia kuna mahali hakusomewa.

"Soma."

Nikasoma kwa Lingala. Binti amekaa papo hapo juu ya mkeka.

"Rudia."

Nikarudia. Akaweka dole gumba juu ya lile la wino, akalitazama kama anapima ni la nani. Akauliza kama karatasi ile bado ina nguvu. Nikasema haina, ilikufa. Akasema hakuipenda sauti ya kaka yangu siku ile, ilikimbia mahali fulani kama mtu anayeruka dimbwi, naye alidhani ni haraka ya mjini. Kisha akaita tuletewe chakula. Tulipokuwa tunanawa akasema, bila kunielekea mimi, kwamba kwa habari ya kijiji cha mama wamekwisha kuongea wazee: wakimwita wataweka Boyoma, maana ndilo jina la maporomoko na la mji wenu, na misioni nayo si ilijengwa kando ya maji hayo hayo?

Binti yuko chuo kikuu cha Kisangani sasa, mwaka wa pili, na fomu zake zina visanduku vitatu. Koti halikurudi Liège. Mke wa noko alimwazimisha jirani aliyesafiri usiku na mtoto mchanga, jirani akamwazimisha dada yake, na tangu hapo kila mama wa mtaani anayepanda balenieri na mtoto analiulizia kwanza. Linarudi likinuka samaki wa kukaushwa. Zipu imekufa, limeshonewa vifungo. Nilipouliza mara ya mwisho lilikuwa Yangambi, na mtoto ambaye simjui.